Kufunga upya breki za nyuma za dramu nyumbani: springi, ajasta na waya wa breki ya mkono

Mchuma Karafuu, Wete:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye ujuzi kuhusu breki za nyuma za Toyota Vitz ya toleo la kwanza, lile lililoanza mwaka 1999, ambayo magurudumu yake ya nyuma yanatumia dramu, yaani bakuli la chuma ambalo viatu vya breki hutanuka ndani yake. Gari ipo uani kwetu juu ya stendi, magurudumu ya mbele nimeyazuia kwa magogo, breki ya mkono imeachiwa, na upande wa kushoto nimeshaufungua wote. Lainingi (tabaka linalosugua dramu) ya viatu vya zamani imebakia chini kidogo ya milimita 2, na kwa kuwa msimu wa karafuu unakaribia na gari hii hubeba magunia kutoka shamba, sikutaka kusubiri. Upande wa kulia sijaugusa.

Viatu vipya nimevipata Chake, lakini ndani ya boksi mna viatu vinne tu, kwa hiyo springi, pini na ajasta (fimbo ya hesi inayorefuka viatu vikilika) nitatumia zile zile zilizotoka. Kila kipande nimekipanga juu ya gunia kwa mfuatano wake, na kabla ya kufungua nilipiga picha, ila picha imepigwa kutokea juu na haionyeshi springi ndefu inavyopita kwenye ajasta.

Ninayotaka kujua ni haya. Kwanza, viatu vyote vinne vinafanana kwa lainingi. Je, kuna cha mbele na cha nyuma, au kila kimoja kinakwenda popote? Pili, ni kipande gani kitangulie kufungwa, maana nimejaribu kuanza na springi ya juu na kila nikikaribia kumaliza, kiatu kimoja kinachomoka. Tatu, grisi ya beringi niliyonayo inafaa kupakwa humo ndani, au pawe pakavu? Nne, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, ni waya wa breki ya mkono. Gereji tuliyokuwa tukiipeleka gari hii kwa muda mrefu ilikuwa na dawa moja tu: kila breki ya mkono ilipolegea, walikaza nati ya waya pale kwenye mkono ndani ya gari. Sasa nati imekaribia mwisho wa hesi, na bado gari ikiegeshwa kwenye mteremko wa kushukia bandarini Mkoani inaserereka taratibu. Je, niendelee kukaza nikishafunga viatu vipya, au kuna kitu kingine?


Fundi Mstaafu, Chake Chake:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kuuacha upande wa kulia, kwa sababu huo ndio utakaokusomesha pale picha inapokwama. Ivue dramu yake utazame ndani, lakini usifungue springi hata moja mpaka wa kushoto uwe umekwisha. Zikiwa dramu zote mbili zimevuliwa, hakikisha hakuna mtoto wala mtu mzima atakayeingia ndani ya gari akakanyaga pedeli, maana pistoni za silinda ndogo ya gurudumu hazina kitu cha kuzizuia. Zitatoka nje, mafuta ya breki yatamwagika, na kazi ya saa moja itakuwa kazi ya siku nzima. Funga kamba au mpira kuzunguka silinda hizo kama nyumba yenu ina watoto. Na unapolinganisha pande mbili, usihesabu kwa kulia na kushoto kwako, kwa sababu ukihamia upande wa pili mikono yako inageuka. Hesabu kwa mbele ya gari na nyuma ya gari.

Sasa nianze na viatu. Kwenye gari yako, kiatu chenye wenzo wa breki ya mkono, ule unaoshikwa na waya, ndicho kinachokaa nyuma, na kile kisichokuwa na wenzo hukaa mbele. Gari ikienda mbele, mzunguko wa dramu hukivuta kiatu cha mbele kijikaze zaidi, ilhali cha nyuma husukumwa kirudi. Ndiyo sababu mara nyingi utaona cha mbele kimelika zaidi. Lainingi zikiwa sawa, kinachokupa jibu ni matundu: kiatu kipya cha nyuma kina tundu la pini ya wenzo. Uhamishe wenzo kutoka kiatu cha zamani, na ile klipu ndogo inayoushika ibadilishwe ikiwezekana, kwa sababu ikishafunguliwa kwa bisibisi huwa imepanuka. Ukiirudisha ile ile, ibane kwa koleo mpaka ncha zake zishike shingo ya pini, kisha ujaribu wenzo kwa kidole: uchezeshe mbele na nyuma, uende bila kukwama, wala usiyumbe pembeni.

Kabla ya kufunga chochote, tazama silinda ndogo. Inua ukingo wa mpira wake wa nje kwa ncha ya bisibisi, polepole usiuchane. Unyevunyevu kidogo si kitu, lakini yakitiririka mafuta, silinda hiyo imekwisha na viatu vipya vitaharibika ndani ya wiki chache. Lainingi iliyokunywa mafuta haisafishiki kwa petroli wala kwa moto, ingawa wapo wanaofanya hivyo. Ubadilishe viatu vya pande zote mbili, kwa sababu upande mmoja ukishika na wa pili ukateleza, gari huvuta pembeni.

Kosa la kuanza na springi ya juu ni kwamba unavipa viatu nguvu ya kuruka kabla havijashikwa. Anza na kiatu cha nyuma. Ukiwa umekishika mkononi, rudisha nyuma kwa koleo ile springi nyembamba iliyouzunguka waya, uingize kichwa cha waya kwenye ndoano ya wenzo, kisha uachie springi irudi. Kiweke kiatu mahali pake, ncha ya juu ndani ya mfereji wa pistoni na ya chini kwenye egemeo, upitishe pini ndefu kutoka nyuma ya bamba linalobeba viatu, uweke springi fupi na kifuniko chake, ukandamize na kuzungusha robo mzunguko mpaka kichwa bapa cha pini kikingame. Kidole cha mkono wa pili lazima kiwe nyuma ya bamba kikiizuia pini isirudi. Wengi wanahangaika hapo kwa kukosa kuisukuma pini tu.

Kiatu cha nyuma kikishatulia, unganisha springi ya chini kwenye viatu vyote viwili, cha mbele kikiwa bado kinaning'inia. Hapo ajasta iwe imefupishwa hadi mwisho na ukiwa umeiingiza kwenye kiatu cha nyuma, ule mkato wake ukipanda juu ya kiatu na juu ya wenzo kwa pamoja, pamoja na springi ndefu ambayo tayari umeinasa upande huo. Ndipo uvute kiatu cha mbele kije kipokee mwisho wa pili wa ajasta, ncha yake ya juu iingie kwenye pistoni, ukishike kwa pini na springi yake fupi, kisha uinase springi ndefu. Kipande cha kuzungusha kigurudumu chenye meno, pamoja na springi yake ndogo, ndicho cha mwisho. Mizunguko ya springi isiguse meno ya ajasta wala isiguse habu, kile kitovu ambacho dramu huvikwa juu yake. Zungusha habu kwa mkono usikilize kabla ya kuvika dramu.

Kuhusu waya wa breki ya mkono nitakwambia neno moja kwa sasa: ni wa mwisho. Na grisi ya beringi, kidogo sana, hainisumbui. Nimeitumia miaka yote niliyokuwa kazini.


Mama Fuoni:

Kwa heshima yako, mzee wangu, kwenye grisi sikubaliani nawe. Mimi natumia Passo na breki zake za nyuma nimezoea kuzifungua mwenyewe. Si kila grisi ya beringi imetengenezwa kwa joto la ndani ya dramu. Ile ya kawaida ikipata moto huwa laini, mafuta yake hujitenga na kutambaa, na yakifika kwenye lainingi ndiyo basi. Ipo grisi maalumu ya breki inayostahimili joto kali, na madukani Darajani na Mwanakwerekwe hupatikana kwa vipakiti vidogo. Hata hiyo si ya kupaka ovyo. Bamba la nyuma lina sehemu zilizoinuka kidogo, kwa kawaida tatu kwa kila kiatu, ambazo kingo za viatu hutelezea juu yake. Hapo tia tone dogo na ulisambaze liwe utando mwembamba. Pengine ni kwenye hesi za ajasta, kwenye egemeo la chini, na pale kiatu kinapogusana na wenzo. Baada ya hapo unawe mikono kabisa kabla ya kushika viatu, kwa sababu alama ya kidole chenye grisi inatosha kuharibu.

Kama sehemu hizo zilizoinuka zimelika zikawa na vishimo, ziswaki kwanza kwa brashi ya waya na uzilainishe kwa msasa. Kiatu kinachonasa kwenye kishimo huchelewa kurudi, na mwenye gari atalaumu silinda bure.

La pili ni vumbi. Ndugu yetu hakusema amelisafisha vipi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, na kwa kiatu kilichotolewa huwezi kujua kwa kutazama. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki, na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi. Lilowesheni kwa maji ya sabuni, mlifute kwa matambara, na matambara hayo yafungwe kwenye mfuko yakatupwe. Petroli nayo si ya kuoshea humo, kwa hatari ya moto na kwa sababu inaharibu mipira ya silinda. Mipira hiyo imetengenezwa ihimili mafuta ya breki tu. Mafuta ya injini, dizeli na petroli huifanya ivimbe.

Na springi zile zile, ndugu yangu, uzikague kabla hujazirudisha. Iliyogeuka rangi ikawa ya samawati imechomwa na joto na nguvu yake imepungua. Iliyotanuka, mizunguko yake ikawa haigusani ilipokuwa inagusana, nayo ni hivyo hivyo. Seti ya springi peke yake inauzwa, na bei yake haifiki popote ukilinganisha na viatu. Kwetu sisi wenye bahari kila upande, kutu ndiyo inayomaliza springi zaidi kuliko joto. Nimewahi kukuta ndoano ya springi ya chini imelika ikabakia nyembamba mno, na kwa kuitazama juu juu ilionekana nzima.


Mchuma Karafuu, Wete:

Ahsanteni sana nyote. Nimetumia viatu vipya, springi mbili za juu nimebadilisha baada ya kumsoma Mama Fuoni, kwa sababu moja kweli ilikuwa imebadilika rangi. Vumbi lilikuwa limeshafutwa kwa tambara kavu kabla sijausoma ujumbe huu. Upande wa kulia nitalilowesha.

Mpangilio wa mzee umefanya kazi, viatu vimesimama na springi zote zimekaa. Tatizo ni kwamba dramu haivaliki. Inaingia kiasi, kisha inagota juu ya lainingi. Ajasta imefupishwa mpaka mwisho, nimehakikisha, na namba ya sehemu iliyo kwenye boksi inalingana na gari. Je, niisugue lainingi kwa msasa mpaka dramu ipite?


Fundi Mstaafu, Chake Chake:

Usisugue kitu, mwanangu. Kiatu kipya kinatakiwa kipite bila ya msasa. Kwanza tazama ncha za juu kama zimeingia sawasawa kwenye mifereji ya pistoni, maana moja ikikaa juu ya ukingo, kiatu kizima husogea nje. Pili, kigonge kila kiatu kwa kiganja, juu na chini, vijipange katikati. Tatu, na hapa ndipo ninapoweka dau langu, tazama wenzo wa breki ya mkono. Mkono wa ndani ukiwa umeachiwa kabisa, wenzo lazima urudi hadi uguse kizuizi chake kwenye ubavu wa kiatu. Kwa hadithi uliyoieleza ya nati iliyokazwa mpaka mwisho wa hesi, nina hakika wenzo wako haurudi. Umevutwa na waya muda wote, unaisukuma ajasta, na ajasta inavitanua viatu. Vya zamani vilikuwa vimelika, kwa hiyo dramu ilipita. Vipya ni vinene, haipiti.

Ingia ndani ya gari, fungua kifuniko cha mkono wa breki, uilegeze nati ile mpaka waya wenyewe ulegee. Urudi nyuma, uusukume wenzo kwa kidole ugote kwenye kizuizi. Dramu itaingia.

Sasa nikueleze kwa nini nilisema waya ni wa mwisho. Breki ya mkono ya gari kama hii haina viatu vyake; ni viatu hivi hivi vinavyovutwa kwa waya badala ya kusukumwa kwa mafuta. Viatu vikilika, nafasi kati ya lainingi na dramu huongezeka, na mkono wa breki hupanda juu zaidi kabla ya kushika. Kazi ya kuifunga nafasi hiyo ni ya ajasta, ambayo kipande chake cha kuzungusha huruka jino jipya pindi nafasi inapozidi. Lakini ili kiruke, wenzo uwe unarudi mwanzo wa safari yake kila mara. Ukiukaza waya, wenzo haurudi, ajasta inabanwa, haijizungushi tena, na kuanzia siku hiyo viatu vinalika bila ya kitu cha kuvifuata. Pedeli nayo inashuka, kwa sababu pistoni zinasafiri mbali zaidi. Mwenye gari anaambiwa masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedeli, imekufa, ananunua, na pedeli inabaki pale pale. Gereji nyingi zinakaza waya kwa sababu ni kazi ya dakika chache na mteja anaondoka ameridhika. Siwalaumu sana, lakini kazi hiyo si matengenezo.

Kwa hiyo, waya ukiwa umelegea, urefushe ajasta kidogo kidogo, ukivika dramu na kuivua, mpaka ivalike kwa taabu ndogo na ukiizungusha usikie mkwaruzo mwepesi tu. Wenye kipimo hupima kipenyo cha ndani cha dramu na kipenyo cha nje cha viatu. Kwa Toyota ndogo tofauti inayotakiwa ni kama milimita 0.6. Kisha ndani ya gari ukanyage pedeli mara kadhaa na uvute na kuachia breki ya mkono, ukisikiliza mlio mdogo wa jino linaloruka. Ufanye pande zote mbili kwanza. Hapo ndipo uguse nati ya waya, uikaze hadi mkono ushike baada ya milio michache unapouvuta. Kitabu cha gari kinataja idadi, na kwa nyingi ya hizi ni kati ya 5 na 9. Ukimaliza, mkono ukiwa umeachiwa, magurudumu yote mawili yazunguke bila ya kushikwa.

Na grisi, Mama Fuoni, nimekusikia. Hoja ya kutambaa ni ya kweli.


Dereva wa Keri, Nungwi:

Nimefuata mjadala huu kwa makini na nina la kuongeza kuhusu ajasta, kwa kuwa ndugu yetu atafungua upande wa pili. Zikitoka zote mbili na kulala juu ya gunia moja, zinaonekana sawa, lakini si sawa: hesi za upande mmoja hukazwa kwa kwenda kulia na za upande wa pili kwa kwenda kushoto. Ukizibadilishana, zitavalika bila matatizo na gari itatembea, ila kila kipande cha kuzungusha kitakapogusa jino, ajasta itajifupisha badala ya kujirefusha. Namna ya kuhakikisha ni kukisukuma kwa kidole kipande hicho upande kinaokwenda chenyewe, na kutazama kama fimbo inatoka au inaingia.

Swali langu kwa mzee ni hili. Mimi naishi karibu na pwani na dramu za gari yangu hushikana na habu kiasi kwamba kila nikizifungua natumia nyundo, na mara moja ukingo ulimeguka. Ipo njia nyingine? Pia, kuna umuhimu wowote wa kupaka grisi humo ikiwa mtu anaweza kuacha pakavu? Nimezoea kuacha pakavu.

Na la mwisho, je, ni lazima kutoa upepo kwenye mafuta ya breki kila unapobadilisha viatu?


Fundi Mstaafu, Chake Chake:

Mambo hayo ya ajasta ni sahihi, na ningeyasema mimi kama usingenitangulia.

Dramu iliyoshikana haitaki nyundo kwanza. Itazame usoni: dramu nyingi za Kijapani zina matundu mawili madogo yenye hesi, ambayo si ya kufungia chochote. Chukua boliti mbili za milimita 8, hesi ya 1.25, uzikaze zamu kwa zamu, mzunguko nusu huku na nusu kule, na dramu itajisukuma yenyewe kutoka kwenye habu. Ikitoka katikati na kugota pembezoni, huo ni ukingo wa kutu au wa chuma kisicholika uliobakia mdomoni mwa dramu, nao unanasa viatu. Toa kizibo cha mpira nyuma ya bamba, kiinue kipande cha kuzungusha kwa bisibisi nyembamba, na kwa bisibisi ya pili uzungushe kigurudumu chenye meno kurudi nyuma mpaka viatu viachie. Unaporudisha, swaki uso wa habu na upake utando mwembamba wa grisi ya joto kali pale dramu inapokaa. Safari nyingine hutahitaji nyundo. Dramu yenyewe ikiwa na mifereji, inaweza kukerezwa, lakini kipenyo chake cha mwisho kimechapwa juu yake, na ikishafika hapo haikerezwi tena.

Kuacha pakavu kunafaa kwa mtu wa bara mbali na chumvi. Kwetu, na hasa Nungwi, ajasta iliyofungwa kavu haimalizi masika mawili kabla hesi hazijashikana, na ajasta iliyoshikana ni sawa na kutokuwa na ajasta. Paka hesi.

Kutoa upepo si lazima ikiwa mfumo haukufunguliwa, yaani hukubadilisha silinda, hukulegeza bomba, wala pistoni haikutoka. Pedeli ikiwa chini baada ya kufunga, rudi kwenye ajasta kwanza. Pedeli iliyo chini lakini ngumu ni nafasi ya viatu. Pedeli inayobonyea kama sponji ni upepo. Ikibidi kuutoa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari zetu za usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, na chupa ya juu isiachwe ikauke. Mafuta yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa hiyo, ambayo kwa Vitz ni DOT 3, na yatoke kwenye kopo jipya lililokuwa limefungwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa: ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu na 140. Kopo lililokaa wazi jikoni tangu mwaka jana, hasa kwa hewa yetu, limeshafanya kazi hiyo ya kunyonya. Na yakidondoka kwenye rangi ya gari, yamwagie maji mara moja.


Mchuma Karafuu, Wete:

Mzee wangu, ulikuwa sahihi kuhusu wenzo. Nilipoilegeza nati, wenzo ulirudi wenyewe na dramu ikaingia bila ya kugongwa. Upande wa kulia nao nimeumaliza, na ajasta zote mbili nimezijaribu kwa namna aliyoieleza ndugu wa Nungwi, zinatoka. Pedeli imepanda juu na breki ya mkono inashika kwenye mlio wa 6.

Limebaki jambo moja. Baada ya kuendesha hadi Chake na kurudi, gurudumu la kulia lilikuwa na joto zaidi kuliko la kushoto. Halichomi mkono, lakini tofauti ipo. Je, hilo ni la kawaida kwa viatu vipya?


Fundi Mstaafu, Chake Chake:

Joto kidogo ni la kawaida, mwanangu, kwa sababu lainingi mpya bado haijakaa sawa na uso wa dramu na inagusa sehemu tu. Tofauti kati ya pande mbili ndiyo ya kuchunguza. Inua nyuma yote, mkono ukiwa umeachiwa, uzungushe magurudumu yote mawili. Kama la kulia linashikwa kwa mzunguko mzima, irudishe ajasta yake meno mawili au matatu kupitia tundu la nyuma ya bamba, kisha ulinganishe tena. Kama linashikwa mahali pamoja tu na kuachia, dramu hiyo si duara kamili, na ajasta haitakusaidia. Ipeleke kwa mkerezaji aipime. Na kama linazunguka huru, lakini ukivuta mkono na kuuachia linabaki limeshikwa, tazama waya wa upande huo, maana kutu ndani ya ganda lake huuzuia kurudi.

Ukishalingana, tafuta barabara isiyo na magari mengi, uendeshe kama kilomita 50 kwa saa na upunguze mwendo kwa kukanyaga wastani, si kwa kusimama ghafla, na kati ya kukanyaga mara moja na nyingine uiache gari itembee breki zipoe. Rudia mara kadhaa. Magunia ya karafuu yasubiri mpaka hapo.

Nati za magurudumu nazo uzikaze tena baada ya safari hiyo, kwa kuvuka kutoka moja kwenda ile inayoikabili. Kipimo cha Toyota hizi ni Nyutoni-mita 103. Usisimame juu ya spana, kwa sababu nati iliyokazwa kupita kiasi huivuta dramu ipinde, na utaanza upya kutafuta kwa nini gurudumu lina joto.